Siku ya mapishi shuleni: jinsi ya kuwapikisha watoto mbele ya wazazi wao

Siku nyingi za mapishi katika shule za msingi huharibika kwa namna ileile. Linabandikwa sufuria moja kubwa, akina mama watatu wazoefu wanalizunguka, na watoto 40 wanasimama nyuma yao wakinyoosha shingo. Baada ya saa tatu chakula kinapakuliwa, picha zinapigwa, na watoto wanarudi nyumbani bila kushika hata kitunguu. Kuongeza bajeti hakusaidii. Dawa ni sufuria ndogo nyingi, kundi dogo kwa kila sufuria, na wazazi waliokubaliana mapema kwamba mwiko haushikwi na mtu mzima.

Mpango ufuatao ni wa darasa la wanafunzi 40 wa Darasa la Nne hadi la Sita, wazazi 15 na walimu wawili. Darasa likiwa na wanafunzi 80, usijaribu wote kwa pamoja. Fanya Jumamosi mbili. Chakula chenyewe ni chapati, mchicha wa karanga na nazi, kachumbari na ndizi mbivu. Kimechaguliwa kwa sababu kina kazi za mikono za kutosha kila mtoto: kukanda, kusukuma, kuchambua, kutwanga, kukuna, kukamua, kukata. Wali ni mzuri kula, lakini kazi ya mtoto kwenye wali huisha akishamaliza kupeta na kuosha mchele. Nyama iachwe kabisa: ni ghali, inaharibika upesi, na inaleta maswali ya nani kachinja. Makande nayo yanadai kulowekwa usiku kucha na kuchemka saa mbili au tatu, na hakuna mtoto atakayebaki mahali pamoja muda wote huo.

Wiki tatu kabla: ruhusa, barua na fedha

Anza na mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Elimumsingi katika shule za serikali Tanzania haina ada tangu 2016 na michango ya lazima imewekewa mipaka, kwa hiyo usipeleke barua inayosema kila mzazi alipe kiasi fulani ndipo mwanawe apike. Pitisha jambo kwenye kamati, omba vitu kwa hiari (huyu nazi mbili, yule kilo ya unga, mwingine dumu la maji), na hakikisha mtoto ambaye nyumbani kwao hawakutoa kitu anapika kama wenzake. Orodha ya nani kaleta nini ibaki kwa mwalimu, isibandikwe ukutani.

Barua iwe fupi na iandikwe “Mzazi au Mlezi”, kwa kuwa watoto wengi wanalelewa na bibi, shangazi au mjomba. Iulize mambo manne: kama mtoto ana mzio wa chakula chochote (karanga iandikwe kwa jina lake), kama ana ugonjwa wa pumu unaochochewa na moshi, kama mzazi ataweza kuja, na kama ana ujuzi wowote wa jikoni. Hilo la mwisho usilidharau. Ndipo utakapogundua kwamba una mama lishe mmoja, baba mmoja anayepika pilau za shughuli, na bibi anayekuna nazi kwa kasi ya mashine.

Ukitaka akina baba waje, waite kwa kazi. Barua ya jumla huishia kwa mama. Ujumbe unaosema “Baba Juma, tunaomba usimamie majiko mawili ya gesi Jumamosi saa mbili” hujibiwa. Pwani hili si geni: pilau ya sufuria kubwa kwenye shughuli mara nyingi iko mikononi mwa wanaume, na hakuna anayeshangaa.

Tarehe iwe Jumamosi. Ukipika siku ya masomo, harufu ya vitunguu itawatoa madarasa mengine yote kwenye hesabu, na watoto ambao zamu yao haijafika watajaa madirishani wakiwa na njaa. Epuka mwezi wa Ramadhani na Jumamosi za Kwaresima ambazo parokia ina ratiba. Kama eneo lenu lina Wasabato wengi, chagua Jumapili alasiri au siku ya mapumziko.

Wazazi wafanye mazoezi kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na ndiyo inayookoa siku. Alhamisi au Ijumaa jioni, wazazi wote 15 wakutane wapike kiasi cha kundi moja tu, mwanzo hadi mwisho, kwa vipimo vilivyoandikwa. Sababu ni kwamba kila mmoja ana chapati yake. Mmoja anaweka sukari, mwingine maziwa, mwingine anachemsha maji kabisa, mwingine anasema kwao hawakunji. Ugomvi huo ukifanyika mbele ya watoto, kundi zima linasimama kusubiri washindi. Ufanyike mapema, uishe.

Kwenye mazoezi hayo chagueni kikombe kimoja cha kupimia, cha mililita 250, na mtafute vitano vinavyolingana. Vikombe vya chai vinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Chapati ngumu ya kundi la tatu mara nyingi ni matokeo ya kikombe kidogo cha maji, wala si mikono ya watoto.

Kila kundi la watoto wanane lipewe wazazi watatu, na kila mzazi awe na kituo chake. Mzazi wa jiko habanduki jikoni hata akiitwa. Mzazi wa visu anakaa kwenye mbao za kukatia na kuhesabu visu vinapotoka na vinaporudi. Mzazi wa maji anasimamia kunawa, kuosha mboga na vyombo. Na mzazi asiwekwe kundi la mtoto wake. Akiwa na wake atamfanyia kazi au atamfokea, mara nyingi vyote viwili, na mtoto ataaibika mbele ya wenzake. Kwa watoto wa jirani watu wazima wana subira ya ajabu.

Wakubaliane pia maneno. Mtoto akikosea, mtu mzima ana sekunde mbili za kuchagua kati ya “lete hapa, utaharibu” na “liguse hilo donge, linashika vidole au halishiki?” Swali linamwachia mtoto kazi. Sheria rahisi ya kukumbuka: mzazi anaonesha mara moja tu, kwa donge lake mwenyewe, kisha mikono nyuma.

Mama lishe anahitaji neno la pekee. Anajua chapati kuliko wote hapo, na kwa sababu hiyohiyo ndiye atakayeteka jiko bila kujua, maana mikono yake imezoea chapati 60 kabla ya jua kuchomoza. Usimpe jiko. Mpe kituo cha maji, na wakati wa kukanda azunguke makundi yote matano akikagua unga uliokandwa: anabonyeza, anasema “bado dakika tatu” au “ongezeni maji vijiko viwili”, anaondoka. Ataheshimika, na watoto watakanda.

Vitu vya kununua

Kiasi cha kundi moja, yaani watoto wanane na wazazi watatu:

- Unga wa ngano kilo 1, na kikombe kimoja cha ziada cha kusukumia
- Mafuta ya kula mililita 350
- Mchicha kilo 2 kabla ya kuchambua
- Karanga mbichi robo kilo
- Nazi kubwa 1
- Nyanya 10, vitunguu maji 5, matango 2, karoti 2, ndimu 2
- Chumvi, ndizi mbivu 11

Zidisha kwa tano, halafu ongeza nazi mbili, kwa sababu katika tano moja kuwa imeoza si ajabu, na ndizi kwa ajili ya walimu. Waache watoto wenyewe wazidishe siku moja kabla. Ni hesabu yenye maana na mwalimu wa Hisabati atafurahi. Nunua pia unga wa lishe kilo 2 na sukari kwa ajili ya uji wa asubuhi. Uji si anasa. Chakula hakitaiva kabla ya saa tano, na mtoto aliyetoka nyumbani bila kula ataanza kubugia unga mbichi, kuchomoa karanga na kusukumana ifikapo saa nne.

Maji yaandaliwe madumu 15 ya lita 20. Mawili yawe yamechemshwa na kupoa, kwa ajili ya kunywa na kuoshea vitu vya kachumbari. Vibuyu chirizi viwili kila upande wa uwanja vinatosha kunawia, sabuni ikiwa imefungwa kwa kamba ili isianguke mchangani.

Vyombo kwa kila kundi: jiko moja, sufuria ya lita 5 au 6 yenye mfuniko, kikaango bapa cha chapati, beseni la kukandia, vibao viwili vya chapati na miti yake ya kusukumia, visu vitatu vidogo, mbao tatu za kukatia, mbuzi ya kukunia nazi, chujio, kinu na mchi, ungo, mwiko, upawa, hotipoti. Miti ikipungua, chupa nene ya soda isiyo na ufa, iliyooshwa na kutolewa karatasi, inafanya kazi. Vyombo vya wazazi viandikwe majina kwa kalamu na selotepu chini ya kitako. Sufuria iliyopotea shuleni huzungumzwa mtaani mwaka mzima.

Majiko na mpangilio wa uwanja

Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na shule nyingi sasa zinahamia gesi. Kwa siku hii gesi ni nzuri kwa sababu moto unapunguzwa papo hapo, lakini ina hatari yake. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake huyumba kwa urahisi. Ukiweka sufuria ya lita 6 iliyojaa na mtoto akakoroga kwa nguvu, vyote vinaanguka, na mchuzi unamwagikia mtoto. Kama mna jiko la mezani lenye mpira, tumieni hilo kwenye meza imara, mtungi ukiwa umesimama nyuma ya meza upande ambao watoto hawapiti. Kama mnayo mitungi ya kilo 6 tu, uzungushieni matofali matatu yaliyobana, sehemu tambarare, sufuria isizidi nusu, na mtu mzima ashike sikio la sufuria kwa kitambaa kila mtoto anapokoroga. Kabla ya kuwasha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifanya mapovu yanayokua, gesi inavuja, mtungi huo utolewe. Jiko la mkaa likitumika, libaki nje, kamwe lisiingizwe darasani hata mvua ikinyesha, kwa kuwa hewa ya mkaa inaua bila harufu.

Majiko yaachane angalau mita mbili. Chora mstari wa chokaa au majivu mita moja kuzunguka kila jiko. Ndani ya mstari wanaruhusiwa watoto wawili na mzazi wa jiko, basi. Wakipokezana, anatoka mmoja ndipo anaingia mwingine.

Mavazi: viatu vya kufunika vidole badala ya malapa, mikono ya shati imekunjwa, ncha za ushungi au hijabu zimechomekwa ndani, nywele ndefu zimefungwa. Kanga kama aproni ni sawa mezani, ila ifungwe nyuma isining'inie, na ivuliwe kabla ya kuvuka mstari wa jiko. Yeyote, mtoto au mzazi, aliyeharisha au kutapika ndani ya siku mbili zilizopita, au mwenye kidonda mkononi, asiguse chakula. Mpe daftari la kuandika muda na vipimo. Kazi hiyo ni ya kweli.

Ratiba ya asubuhi

Saa 2:00 wazazi wanafika, majiko yanakaguliwa, uji unapikwa. Saa 2:30 watoto wanawasili, wanasalimia, wanakunywa uji, wananawa sekunde 20 kwa sabuni. Kila kundi la wanane linagawanywa wanne wanne, upande A na upande B.

Saa 3:00 A wanakanda unga. B wanachambua na kukaanga karanga, kisha wanakuna nazi. Saa 3:20 unga unafunikwa na kupumzika nusu saa. A wanahamia kuchambua mchicha. Saa 3:50 mchicha unabandikwa na B, huku A wakikata na kukunja madonge. Saa 4:20 mchicha unaepuliwa, kikaango kinapanda. Chapati 16 kwa dakika tatu kila moja ni dakika 48, kwa hiyo mtamaliza karibu saa 5:10. Wasio zamu ya jiko wanakata kachumbari. Mchicha urudishwe motoni uchemke tena kabla ya kupakua. Saa 5:20 kula. Saa 6:00 kuosha vyombo, saa 6:30 kwaheri.

Kundi lenye majiko mawili litaokoa nusu saa. Kundi lenye jiko moja lisijaribu kubandika chapati kwanza. Zitakauka zikisubiri mboga.

Unga na chapati

Watoto wapime unga kilo moja kwenye beseni (vikombe vinane, kikombe kimepigwa mfuto kwa kisu), chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko vinne vya chakula. Wasugue mafuta ndani ya unga mpaka uwe kama chenga. Ndipo wamimine vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, wakusanye, kisha robo kikombe kidogo kidogo hadi hamna unga mkavu chini. Mtoto mmoja akande dakika mbili na nusu, apokeze. Dakika kumi jumla. Unga uliokubali ni laini, haushiki kwenye beseni, na ukiubonyeza kwa kidole shimo linarudi polepole.

Kosa la kawaida ni kuongeza unga mkavu kila unaposhika vidole. Unga wa chapati unashika mwanzoni, ndivyo ulivyo; baada ya dakika nne au tano unaacha wenyewe. Watoto wakiongeziwa unga wakati huo, chapati zitakuwa ngumu zikipoa, na hakuna mafuta yatakayoziokoa.

Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Watoto watauliza kwa nini wangoje. Wape wajaribu: donge moja lisukumwe papo hapo, waone linavyojirudi kila wakiachia mti. Baada ya kupumzika donge lilelile linanyooka bila kugoma. Kata madonge 16 yanayolingana. Kila mtoto ana mawili. Anasukuma moja hadi upana wa sahani, anapaka kijiko cha chai cha mafuta, anakunja mkunjo kama feni au anaviringisha kama mkeka, kisha anauzungusha mithili ya konokono na kubana mkia chini. Madonge yapumzike tena dakika kumi, halafu yasukumwe mara ya mwisho, unene wa milimita tatu hivi. Unga wa kunyunyizia uwe mchache. Ukizidi unadondoka kikaangoni, unaungua, na chapati ya tano kuendelea zinakuwa na ladha ya moshi. Futa kikaango kwa kitambaa kikavu kila baada ya chapati tatu. Kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Umbo la duara lisidaiwe. Chapati yenye sura ya ramani ya Afrika inaiva sawasawa na ya duara, na mzazi anayeisukuma upya “ili ipendeze” amechukua kazi ya mtoto.

Moto wa kati. Chapati inakaa kavu mpaka vipele vitokee, karibu dakika moja, inageuzwa, upande wa pili nusu dakika, ndipo kijiko cha chai cha mafuta kila upande. Mtoto wa Darasa la Tano au la Sita anaweza kugeuza kwa mwiko bapa akiwa pembeni mwa mzazi, na kwa kawaida anajivunia hilo kuliko jambo lingine lolote siku hiyo. Mdogo zaidi aweke mafuta kwa kijiko chenye mpini mrefu. Chapati ikikauka kama biskuti, kikaango kilikuwa baridi na ilikaa muda mrefu. Ikiwa na madoa meusi huku katikati mbichi, moto ulizidi. Weka zilizoiva kwenye hotipoti ndani ya kitambaa kisafi.

Karanga, nazi na mchicha

Karanga zimwagwe kwenye ungo na zichambuliwe moja moja kabla ya kukaangwa. Zilizokunjamana, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Ukungu huo ndio unaotengeneza sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, hivyo mwambie mtoto wazi kwamba hachambui kwa ajili ya urembo. Wengi wanaibeba kazi hii nyumbani na kuanza kuwakagua mama zao. Kama darasani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, ziondolewe katika makundi yote matano, siyo lake tu; mboga itabaki nzuri kwa nazi.

Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi, acha zipoe, watoto wafikiche maganda na kupepeta. Kwenye kinu, watoto wawili wapokezane, si kwa pamoja, miguu mbali na kinu. Waache zikiwa chenga laini kama mchanga. Wakiendelea mafuta yatatoka na itakuwa donge lisilochanganyika na mchuzi.

Nazi ivunjwe na mtu mzima, naye anuse maji na nyama kabla ya kuipeleka. Kukuna ni kazi ya mtoto wa miaka kumi na kuendelea. Akae sawasawa juu ya mbuzi, ashike kifuu kwa mikono miwili, vidole nje ya ukingo, aanze pembeni akizungusha kuelekea katikati, na asimame akiona rangi ya kahawia. Robo ya mwisho, kifuu kinapokuwa chembamba na mkono unateleza, amwachie mzazi; hapo ndipo vidole hukwaruzwa na meno ya mbuzi. Watoto wanne wakipokezana, nazi moja huchukua robo saa hivi. Tui la kwanza: kikombe kimoja na nusu cha maji vuguvugu, kamua, chuja, weka kando. Tui la pili: vikombe viwili juu ya machicha yaleyale.

Mchicha uchambuliwe majani na vikonyo laini, uoshwe mara tatu kwenye beseni, ukiinuliwa kutoka majini kila mara. Ukimwaga maji mchicha ukiwa ndani, mchanga unarudi juu yake, na mtoto wa kwanza kutafuna atawatangazia wote.

Kaanga vitunguu viwili kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya nne na chumvi kijiko cha chai, pika hadi zilainike. Mimina tui la pili na karanga, punguza moto, koroga dakika kumi bila kuacha kwa maana karanga hushika chini na kuungua haraka. Tia mchicha katika mafungu mawili. Wa kwanza ukinywea, unaongeza wa pili. Dakika tano. Mwisho lile tui zito la kwanza, sufuria wazi, koroga polepole hadi lichemke kidogo, epua. Likifunikwa au likichemka kwa nguvu, tui hukatika na kuacha mafuta yakielea. Linalika tu, lakini ni vizuri watoto waone na waelezwe sababu.

Visu na kachumbari

Kizuizi kikubwa hapa ni mazoea ya wazazi. Wengi tunakatia mkononi: kitunguu kwenye kiganja, kisu kikija kuelekea dole gumba. Mzazi amezoea miaka 20. Mtoto atamwiga kwa dakika moja na kukatika. Kwa siku hii kila mtu, hata bibi, akatie kwenye ubao. Chini ya ubao weka kitambaa kibichi usiteleze. Mkono unaoshika ukunje vidole ndani kama unashika yai, kucha zikiangalia chini. Kitunguu kipasuliwe kwanza nusu na mtu mzima kisha kilazwe upande bapa, kisizunguke. Visu viwe na makali. Kisu butu kinateleza kwenye ganda la nyanya na kuishia kidoleni. Wa Darasa la Nne wapewe matango na nyanya, wakubwa vitunguu. Karoti ikwaruzwe.

Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo kila kitu kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, na mikono inawe upya. Vitunguu vifikichwe na chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue, maana watoto wengi huikataa kwa sababu hiyo tu. Ndimu na chumvi vitiwe robo saa kabla ya kula. Vikitangulia, nyanya zinatoa maji na bakuli linakuwa supu. Pilipili ikae kwenye kisahani cha pembeni.

Ajali

Akiungua: maji safi yanayotiririka dakika 20, vua bangili na pete mapema, funika kwa kitambaa kisafi. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano visipakwe. Jeraha likizidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi au kwenye kiungo, apelekwe kituo cha afya, na mwenye usafiri ajulikane tangu asubuhi. Mafuta yakishika moto: zima gesi, funika kwa mfuniko, usimwage maji. Akijikata: bana kwa kitambaa kisafi dakika kumi bila kuchungulia.

Kula, kuosha, na kazi ya nyumbani

Watoto wapakue wenyewe, waanze na wazazi. Kila kundi lionje mchicha wa kundi jingine. Tofauti zitaonekana na maswali yatakuja yenyewe: kwa nini wao umekuwa mzito, nani alizidisha chumvi. Chapati tano zitabaki kwa kila kundi, hizo ni za walimu, mlinzi na wenye njaa. Mchicha uliobaki usifungiwe mtoto kwenye mfuko kupelekwa nyumbani. Wenye nazi unachacha upesi kwenye joto.

Kuosha vyombo ni sehemu ya somo, na majina yasomwe kutoka kwenye orodha. Usiposoma majina, wasichana watajikuta kwenye masufuria na wavulana kwenye mpira.

Kwa wiki mbili zinazofuata kila mtoto apike kitu kimoja nyumbani na mzazi wake. Sharti ni kwamba kazi hii isidai kununua chochote: apike kile ambacho nyumba ingepika siku hiyo, iwe dagaa, ugali au chai. Aandike mistari mitatu kwenye daftari: alifanya nini kwa mikono yake, vipimo alivyotumia, na kilichoharibika. Mzazi asiyeweza kuandika asimulie, mtoto aandike. Mwalimu asisahihishe mapishi, atazame ule mstari wa tatu. Daftari lisemalo “hakuna kilichoharibika” kwa kawaida maana yake ni kwamba mama ndiye aliyepika.